Utepe wa joto na sailensa ya kuchongesha: maneno ya kijiweni na yanayotokea kwenye chuma

Ukichukua pikipiki ya Boxer au TVS ya kawaida, ukakata fremu ya nyuma, ukashusha usukani na kuchongesha eksozi mpya, hutakosa mtu wa kukuambia bomba la mbele lifungwe utepe wa joto. Utepe wenyewe ni kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo au za mawe ya volkano, unaviringishwa kwenye bomba kama bendeji. Yanayosemwa juu yake vijiweni Dodoma mengi yana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayogharimu watu sailensa.

"Utepe unapoza injini"

Haupozi kitu. Unazuia joto lisitoke kwenye bomba kuja mguuni kwako, basi. Joto lililozuiwa linabaki kwenye chuma na kwenye moshi, kisha linasafiri na moshi hadi kwenye sailensa. Injini hizi za cc 125 na 150 zinapozwa na mapezi ya silinda pamoja na oili. Kama inachemka ukipanda vilima vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) mgongoni, angalia kiwango cha oili, tope lililoganda kati ya mapezi, na kabureta.

Kinachobadilika ni bomba lenyewe. La kuchongesha mara nyingi ni chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1 hadi 1.5. Likiwa wazi, upepo wa mwendo unalipunguzia joto. Likifungwa linakaa kwenye joto kali zaidi muda wote, na chuma cha aina hiyo kikipita nyuzi 540 za sentigredi hivi kinaliwa haraka na hewa na kufanya magamba. Fungua utepe uliokaa muda mrefu, gonga bomba kwa kichwa cha bisibisi: magamba meusi yanadondoka kama ukoko wa sufuria, na chini yake chuma kimebaki chembamba. Stenlesi inavumilia zaidi. Kwa chuma cha kawaida, ni afadhali kipande cha bati kilichosimamishwa mbali na bomba kwa sentimita moja au zaidi, hewa ikapita katikati.

"Unaongeza nguvu"

Moshi wa moto hukimbia vizuri zaidi bombani, hilo ni kweli. Lakini kwenye injini yenye nguvu ya farasi 12 hutaihisi tofauti hiyo kwenye mkono wa mafuta.

Kuna jambo jingine linalowapotosha watu wa huku. Mji wa Dodoma uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 10. Pikipiki iliyosetiwa pwani ikifika hapa inapata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi inakuwa nyeusi, mlio unakuwa mzito. Mtu akifungua sailensa, hewa inapita zaidi, injini inachangamka, na sifa zote zinakwenda kwa eksozi. Kumbe kilichohitajika ni kubadili jeti kuu ya kabureta, ile inayopitisha petroli, na kuweka yenye tundu dogo kwa hatua moja. Na anayetoboa sailensa kwenye pikipiki iliyokwisha kusetiwa kwa hewa ya hapa anapata kinyume chake: petroli inapungua kupita kiasi, joto linapanda, na inalipua kama baruti ukiachia mafuta kwenye mteremko.

"Dodoma ni kukavu, kutu ni shida ya Tanga"

Hili ndilo linaloua sailensa nyingi kuliko mengine yote.

Maji hayatoki mbinguni peke yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na maji hayo yanapita eksozini kama mvuke. Safari ndefu, tuseme kwenda Mtumba na kurudi, inachemsha sailensa nzima na mvuke unatoka wote. Safari ya dakika tano kutoka Majengo hadi Sabasaba, ukazima, ukawasha, ukazima tena, haichemshi sailensa. Mvuke unageuka matone, matone yanachanganyika na tindikali kidogo ya moshi, yanatulia sehemu ya chini kabisa. Sailensa inaoza kutoka ndani, nje bado inang'aa.

Watengenezaji wanalijua hilo. Sailensa nyingi za kiwandani zina katundu ka milimita 2 au 3 chini, upande wa nyuma. Fundi asiyejua akikaona kanatoa matone anakaziba kwa kuchomelea, akiamini ni uvujaji. Miezi kadhaa baadaye tumbo lote la sailensa linakuwa kama chujio. Ukichongesha yako, toboa katundu ka milimita 3 mahali pa chini kabisa, na pahali hapo papimwe pikipiki ikiwa imeegeshwa kwa stendi unayoitumia kila siku, kwa sababu stendi ya pembeni inailaza na maji yanahama.

Sasa weka utepe juu ya hayo. Pikipiki inaoshwa kwa mashine ya presha jioni, utepe unanyonya maji, inaegeshwa ndani ikiwa baridi. Asubuhi kitambaa bado ni kibichi na kimelikumbatia bomba. Kama umefunga utepe, usielekeze presha hapo, na ukimaliza kuosha endesha dakika 15 hadi 20 kabla ya kuegesha. Kuiacha inanguruma tu imesimama hakutoshi kukausha upande wa nyuma.

"Kufunga ni kuviringisha tu"

Pima kwanza. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 32 lina mzingo wa milimita 100. Kwa urefu wa sentimita 60 na utepe wa upana wa milimita 25, kila mzunguko ukilalia mwenzake milimita 6, unasonga milimita 19 kwa mzunguko. Hiyo ni mizunguko 32 hivi, sawa na mita 3.2 au 3.3. Nunua mita 4. Utepe wa milimita 50 unatumia urefu mdogo zaidi, lakini kwenye kona kali za bomba la pikipiki unafanya mikunjo.

Ondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa, paka rangi ya kuhimili joto, iache ikauke. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu. Nyuzi za kioo zinawasha ngozi kuliko upupu. Utepe wa nyuzi za kioo uloweke maji kidogo ulainike. Anzia chini, upande wa sailensa, panda kuelekea injini. Mzunguko wa juu ulalie wa chini kama bati la paa linavyolalia mwenzake. Ukifanya kinyume, upepo na maji ya tairi vinaingia kwenye kila ukingo. Vuta ukaze muda wote, na acha sentimita 2 au 3 wazi karibu na hedi (kichwa cha silinda) ili spana ifikie nati. Miisho ifungwe kwa klampu ya stenlesi. Waya wa kufungia nondo unaungua na kukatika.

Mara ya kwanza kuwasha, utepe utatoa moshi na harufu kwa dakika kumi na zaidi. Ni gundi ya kitambaa inaungua. Washia nje.

"Na sailensa nayo ifungwe"

Hapana. Sailensa ya bomba lenye matundu ina pamba ya kioo kulizunguka, na utepe wa mbele tayari umeishaiongezea joto. Pamba ikichoka hupeperuka vipande vipande kupitia mkiani, mlio unakuwa mkavu, rangi ya nje inababuka. Hapo drili ribiti, zungushia bomba la ndani sufi ya stenlesi kwanza, kisha pamba mpya, usiishindilie.

"Imepasuka kwa sababu chuma ni feki"

Tazama ufa uko wapi. Ukiwa pembeni mwa weldingi, karibu na shingo (bomba linapoingia kwenye hedi) au kwenye kishikio, tatizo ni mtikisiko na mvutano. Sailensa ndefu iliyoshikwa kwenye hedi na kishikio kimoja inacheza kama mkia. Ongeza kishikio cha pili karibu na nyuma, chenye bushi ya mpira.

Halafu mpangilio wa kukaza. Wengi wanakaza kishikio cha nyuma kwanza, kisha wanalazimisha shingo ikae kwenye hedi kwa nguvu ya nati. Bomba linabaki limejipinda siku zote likisubiri kupasuka. Weka gasketi mpya ya shingo, ingiza nati zote kwa mkono, kaza za hedi kwa zamu kidogo kidogo, na kishikio kiwe cha mwisho. Nati za spana namba 10 kwenye stadi (bolti zilizosimama kwenye hedi) za milimita 6 zinataka nyutonimita 10 hivi. Mkono wa spana fupi unatosha, ukitumia mguu stadi inakatikia ndani ya hedi. Masizi meusi yakionekana kuzunguka shingo, inavuja.

Bomba la maji la mabati ni nene na zito mno kwa stadi hizo. Zaidi ya hapo, zinki yake ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku huohuo. Na ukichomelea chochote kikiwa kwenye pikipiki, chomoa betri na CDI (kisanduku cha umeme wa plagi), klampu ya ethi ibane karibu na unapochomelea.

"Ukiwa na utepe, abiria haungui"

Joto la nyuzi 60 linaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na utepe wa bomba lililotoka safari unapita hapo. Utepe ulionyonya oili inayovuja kwenye hedi ni utambi wa taa: ukate, utupe, ziba uvujaji, ndipo ufunge mwingine. Na ukipita njia za majani makavu kuelekea Kondoa mwezi wa tisa, simama ukague kilichonasa kati ya bomba na fremu.