Masalio yanayopotea tunapobadili programu ya hesabu za kodi

Wahasibu wenzangu hapa Dodoma wakiniuliza kuhusu kubadili programu ya kuandalia hesabu za kodi, wengi huanza na bei, kisha ugumu wa kuizoea. Hayo mimi hayanisumbui sana. Kijana anayeijua kazi huizoea programu mpya ndani ya wiki chache. Kinachoniumiza kichwa ni masalio, yale ambayo programu ya zamani ilikuwa ikiyabeba mwaka hadi mwaka mpaka tukasahau kuwa yapo.

Chukua uchakavu, yaani kupungua kwa thamani ya mali kunakokatwa kwenye faida kila mwaka. Kampuni ina lori la tani kumi la kubebea mahindi ya Kibaigwa. Kwa sheria ya kodi ya mapato lori hilo liko daraja la 2 la mali, uchakavu asilimia 25 ya salio linalobaki. Tuseme lilinunuliwa shilingi milioni 80. Mwaka wa kwanza zinakatwa milioni 20, inabaki 60. Mwaka wa pili zinakatwa 15. Sasa hamisha data katikati ya hapo. Faili linalotoka mara nyingi lina jina la mali, tarehe ya kununua na bei, basi. Salio la daraja halimo, kwa sababu lilikuwa likikokotolewa ndani kwa ndani. Programu mpya inaikuta milioni 80 na kuanza upya: inakata 20 palipostahili 15. Faida imepungua kwa milioni 5, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 hiyo ni shilingi 1,500,000 ambazo mteja atakuja kudaiwa pamoja na riba. Kwenye skrini hakuna onyo lolote. Hasara za miaka ya nyuma nazo hupotea hivyo hivyo.

Kodi ya zuio, ile ambayo mnunuzi huikata kwenye malipo kabla ya kumlipa muuzaji, ndiyo inayotusumbua zaidi mji huu, maana tangu serikali ihamie, wateja wetu wengi wanaiuzia bidhaa. Fundi samani ambaye hajasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anapeleka viti wizarani kule Mtumba. Ankara ni milioni 10, akaunti inaingia milioni 9.8. Laki mbili iliyobaki ni ile asilimia 2 iliyozuiwa, na cheti chake anacho. Ni kodi aliyokwisha kulipa. Programu mpya ikiletewa ankara na malipo peke yake, inaona wizara bado inadaiwa laki mbili. Fanya hivyo kwa ankara za mwaka mzima, utapata wadaiwa hewa na fundi anayelipa kodi ileile mara mbili. Hili linanikera kweli, kwa sababu yeye hawezi kuligundua. Ametuamini sisi.

Tarehe pia. Baadhi ya programu za kigeni husoma 03/04 kuwa Machi 4 badala ya Aprili 3, na manunuzi yanaangukia ritani (taarifa ya kodi) ya mwezi usio wake. Kabla ya kuhamisha, andika mwezi kwa jina.

Muda mzuri wa kuhama ni mwanzo wa mwaka wa hesabu. Usihame Juni, ritani za kampuni zinazofunga Desemba zikiwa zinatakiwa ifikapo tarehe 30, wala siku za kuelekea tarehe 20, mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT. Kisha endesha programu zote mbili kwa pamoja angalau miezi miwili na ulinganishe urari (jedwali la masalio ya akaunti zote) hadi shilingi ya mwisho. Wenye ofisi hawapendi kulipia mbili kwa wakati mmoja, nawaelewa, lakini hapa silegezi.

Kuna jambo la leseni. Sheria inatutaka tutunze kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano, na zipo programu ambazo ukiacha kulipia huwezi hata kufungua kuangalia. Kwa hiyo kabla leseni ya zamani haijaisha, toa leja zote, majedwali ya uchakavu na orodha ya vyeti vya zuio, uzihifadhi mahali pawili. Na huyo muuzaji mpya mwulize mapema: siku nikiacha kulipia, nitaendelea kuzisoma hesabu za wateja wangu? Jibu lake liingie kwenye mkataba, si kwenye simu.