Uwiano wa moli: kutoka jiwe la Muko hadi chuma

Jiwe la himataiti (oksidi ya chuma, Fe₂O₃) linalopatikana Muko, kusini-magharibi mwa Uganda, hutoa chuma linapokutana na gesi ya monoksidi ya kaboni ndani ya tanuru lenye joto kali, na mmenyuko huo huandikwa hivi: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂. Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari kwamba gramu 800 za himataiti zinahitaji gramu ngapi za gesi hiyo, si ajabu akajibu 2,400, kwa kuwa ameiona namba 3 akaizidisha kwa gramu. Namba zinazotangulia fomula hazihesabu gramu, zinahesabu moli.

Moli moja ni chembe 6.022 × 10²³, ziwe ni chembe za chuma au za gesi. Muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa Kampala anayepasua mayai mawili kwa kila chapati hana haja ya mizani, kwani uwiano wake ni wa idadi. Atomu nazo huungana kwa idadi, ila kwa kuwa haiwezekani kuzihesabu moja moja, sisi huzipima kwanza, ndipo tukageuza uzito kuwa moli.

Tufanye hesabu yenyewe. Tukichukua uzito wa moli moja ya atomu kwa gramu, chuma kuwa 56, oksijeni 16 na kaboni 12, moli moja ya himataiti ina gramu 160, na moli moja ya monoksidi ya kaboni ina gramu 28. Gramu 800 ukizigawa kwa 160 unapata moli 5. Uwiano ni 1 kwa 3, hivyo zinatakiwa moli 15 za gesi, yaani gramu 420, mbali kabisa na zile 2,400. Chuma kitakachopatikana ni moli 10, sawa na gramu 560, pamoja na gramu 660 za dioksidi ya kaboni. Jumlisha pande zote mbili: kila upande una gramu 1,220. Ukaguzi huu ni wa dakika moja tu, na inasikitisha kwamba wengi huuruka kwenye mtihani.

Sasa tuseme gesi iliyopo ni gramu 336 tu, yaani moli 12. Hiyo inatosha moli 4 za himataiti, kwa hiyo gesi ndiyo inayokwisha kwanza na ndiyo inayoamua mavuno: moli 8 za chuma, gramu 448, huku gramu 160 za himataiti zikibaki bila kuguswa.

Jiwe la mgodini, hata hivyo, halitoki likiwa safi. Ikiwa asilimia 90 tu ya gramu 800 ni himataiti, anza na gramu 720. Gesi nayo hutoka kwenye makaa yanayoungua kwa hewa haba, 2C + O₂ → 2CO, hivyo kila gramu 160 za himataiti hudai gramu 36 za kaboni. Wafua chuma wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, waliosifika kwa majembe yao, walilazimika kutia makaa mengi kuliko hayo, maana sehemu ya gesi hupaa na kutoka tanuruni kabla ya kulifikia jiwe.