Dawa ya minyoo ya ekapangiten: tatizo ni kipimo

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Karamoja, Uganda, na mvua zikianza wafugaji huniuliza kama dawa za miti zinatibu minyoo kweli. Kwa ekapangiten, mti ambao kitaalamu ni Albizia anthelmintica, jibu langu ni ndiyo. Magome hupondwa, yakalowekwa majini, kisha mnyama akanyweshwa. Ukiyakoroga maji yale, povu jeupe hupanda juu. Hizo ni saponini, kemikali kali zilizomo ndani ya gome.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulijaribu gome hilo kwa dozi mbalimbali, kwa kondoo wa Uganda walioambukizwa minyoo malishoni, na mayai ya minyoo kwenye kinyesi yalipungua. Kwa hiyo anayewacheka wazee kwa dawa hii simuelewi.

Kinachonitia wasiwasi ni kipimo. Mzee aliyefundishwa na babake anajua achukue gome kiasi gani kwa mwanakondoo na kiasi gani kwa beberu. Kijana aliyenunua gome sokoni anakisia tu. Akizidisha, mnyama ataharisha vibaya na anaweza kufa. Akipunguza, minyoo watabaki. Albendazole, dawa ya minyoo ya dukani, nayo ni hivyo hivyo: ukigawanya dozi ya mbuzi mmoja kwa wawili ili kuokoa pesa, unafuga minyoo sugu, wasiokufa kwa dawa.

Mnyoo ninayemhofia kuliko wote ni Haemonchus contortus. Hukaa kwenye tumbo la nne, hunyonya damu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kabla hujaponda gome lolote, shika kichwa cha mbuzi au kondoo, vuta kope la chini, utazame ndani kwenye mwanga wa jua. Pakiwa pekundu, mwache. Pakiwa peupe kama karatasi, au taya limevimba kwa chini, mtibu leo. Usiwanyweshe wote kwa pamoja, maana minyoo ambao hawajaguswa na dawa huzaana na walio sugu, na ndio wanaochelewesha usugu kuenea.

Weupe huo huletwa pia na ndorobo, ugonjwa wa mbung'o, ambao dawa ya minyoo haiutibu. Mnyama aliyenyweshwa dawa kope lake likabaki jeupe kwa ndani, mwite mhudumu wa mifugo.

Na tafadhali, ukienda kuchimba dawa, chukua gome la mzizi mmoja wa pembeni na ufukie shimo. Shina likivuliwa gome kuzunguka pande zote, mti unakauka.