Kuichukia serikali si kuikana Kenya

Nafundisha sheria ya katiba, na kila joto la siasa linapopanda naulizwa kama mtu anaweza kuichukia serikali na bado akaipenda nchi yake. Anaweza, tena sana.

Tatizo letu lilianzia kwenye sheria. Hadi 1997, Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa na kosa la uchochezi, tulilorithi kwa mkoloni. Kifungu cha 56 kiliihesabu kuwa ya uchochezi nia ya kuwatia watu chuki au dharau dhidi ya Rais au Serikali. Haikuhitajika bunduki wala njama ya mapinduzi. Miaka ya 1980 watu walisukumwa gerezani kwa kukutwa na makaratasi ya Mwakenya, vuguvugu la siri lililoipinga serikali. Kwa sheria hiyo mkubwa na nchi vilikuwa kitu kimoja, hivyo aliyemsema mkubwa akaitwa msaliti.

Kina mama wa wafungwa wa kisiasa hawakuukubali uongo huo. Mwishoni mwa Februari 1992, Monica Wamwere na wenzake, wakiwa na Wangari Maathai, waliketi Uhuru Park wakagoma kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari. Hiyo ni laana ya mzazi kwa mwanawe, na mimi husoma humo jambo zito: hata wakipigwa, waliwahesabu wale vijana wenye virungu kuwa watoto wao. Waliikataa serikali, lakini hawakuwakataa Wakenya wenzao. Mapema 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

Chuki ninayoipinga ni ile inayoacha kuilenga Ikulu ikahamia kwa jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, wengine kwa risasi za polisi, wengine kwa mapanga ya majirani kwa sababu ya kabila tu.

Katiba ya 2010 ilitoka kwenye majeraha hayo. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Serikali ni mwajiriwa wao. Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu ailinde Katiba, wala hakimtaki ampende anayetawala. Vijana waliojifunga bendera Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa na kifungu cha 37 pia, kinachompa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha.