Je, wajua kwa nini mkato wa plazma una upande mzuri na upande mbaya?

Kata bamba la chuma la milimita 6 kwa plazma, yaani hewa iliyopashwa joto kwa umeme hadi iyeyushe chuma, kwenye meza ya bei nafuu ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), kisha weka guniya, kile kipimio cha pembe mraba, ukingoni. Mara nyingi upande mmoja wa mkato utakuwa umesimama wima, na ule unaotazamana nao umelala mshazari.

Kwa muda mrefu niliamini tochi yetu, yaani kichwa kinachotoa plazma, imefungwa kombo. Nililegeza skrubu za kishikio, nikapachika vipande vya bati nyuma yake, nikakaza upya. Ukingo mmoja wa kipande ulinyooka, na ukingo unaotazamana nao ukazidi kuharibika. Nilikuwa natibu ugonjwa usiokuwepo. Tochi iliyofungwa kombo huinamisha mkato kuelekea upande uleule wa meza, ipite ikielekea popote. Mshazari wangu ulifuata mwendo: tochi ikienda mbele, upande mbaya ulikuwa kushoto kwake, ikigeuka kurudi, ulibaki kushoto kwake. Meza haikuwa na kosa, na tochi ya bei ghali nayo ina tabia hiyohiyo, japo kwa kiasi kidogo.

Chanzo ni pete ndogo iliyo ndani ya tochi, yenye vitundu vilivyotobolewa kiupandeupande. Hewa ya kompresa ikipita humo haishuki moja kwa moja bali huzunguka, na huzungushwa kwa makusudi. Umewahi kuona mtoto akizungusha ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka? Maji hubanwa kitakoni wala hayamwagiki. Ndani ya nozeli, yaani kipande chenye tundu kwenye mdomo wa tochi, hewa baridi ndiyo nzito, nayo hutupwa ukutani. Ile iliyogeuka plazma, nyepesi na yenye joto la maelfu ya nyuzi, hubaki katikati. Ndiyo maana nozeli ya shaba, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,085 tu, haiyeyuki. Kipande kidogo hivyo kinalindwa na hewa inayozunguka. Mimi jambo hili bado linanistaajabisha.

Mzunguko huo haukomi mdomoni mwa nozeli. Kwa tochi nyingi, ukitazama kutoka juu, hewa huzunguka kama mshale wa saa. Ukuta wa chuma ulio mbele ya tochi ndio unaoyeyushwa, na hapo hewa inapita kutoka kushoto kwenda kulia. Maelezo ya kawaida ni kwamba joto husombwa hadi ukuta wa kulia na kuukata hadi chini, na wa kushoto hupata kilichopungua.

Kwa hiyo panga njia kwenye programu ili kipande unachokitaka kiwe kulia kwa tochi daima: mzingo wa nje ukatwe kufuata mwelekeo wa saa, matundu ya ndani kinyume chake. Zipo pete zinazozungusha hewa kinyume, basi jaribu kwanza kwenye chakavu. Kata mraba, zungushia guniya pande zote nne. Zikiwa zote zimelala sawasawa, angalia mwelekeo wa njia, kisha kimo cha tochi, maana tochi iliyo juu mno hupanua mkato kwa juu. Ukingo mmoja ukilala ndani na unaotazamana nao ukalala nje, hapo ndipo ushike spana, tochi imeinama kweli.