Mieleka ya kupangwa nayo ina leseni

Wengi huamini kwamba WWF, kampuni ya mieleka ambayo sasa huitwa WWE, ilipowaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey mwaka 1989 kuwa mieleka yake ni burudani, serikali zote za majimbo ya Marekani ziliacha kuusimamia mchezo huo. Sivyo. New Jersey ililegeza masharti, lakini kila jimbo lina sheria yake. Pennsylvania bado humtaka promota awe na leseni, aweke dhamana ya fedha na alipe kodi ya asilimia 5 ya viingilio. Kentucky nayo ina chombo kinachosimamia ndondi na mieleka.

Kwa promota mdogo huo ni mzigo, na naona ada zingefuata ukubwa wa ukumbi. Sharti la kuwa na daktari ukumbini, hata hivyo, lisiguswe popote lilipo: matokeo hupangwa, lakini mwanamieleka anayebwagwa chini huumia kweli.