Oveni ya Safari Si Jiko Lenye Mfuniko

Kila likizo ikikaribia, watu wa Nairobi wanaojiandaa kupiga kambi Naivasha, Magadi au Turkana huanza kuulizana kuhusu oveni za kubeba. Wauzaji nao huita kila kitu oveni: jiko la gesi la vichomeo viwili lenye mfuniko wa kukunja, wavu wa kuchomea nyama, hata kile kisanduku cha kuchomeka kwenye tundu la umeme la gari. Mtu analipa, anafika kambini, anakanda unga vizuri, halafu anapakua mkate ulioungua chini na kubaki mbichi juu. Kosa si la mpishi.

Oveni ni chombo kilichofungwa ambamo chakula huzungukwa na joto kavu, chini, pembeni na juu. Ya safari ni hiyo hiyo, ila iingie kwenye buti. Jiko hupasha sufuria kutoka chini, na wavu hupasha nyama upande mmoja huku upande wa pili ukipigwa na upepo. Kwa hiyo ukioneshwa chombo, swali la kwanza ni moja: joto la juu linatoka wapi? Muuzaji akikosa jibu, hiyo si oveni.

Hilo joto la juu si pambo. Mkate hushika rangi ya kahawia na kuanza kunukia pale ambapo uso wake umekauka na kufika nyuzi 140 hivi. Maji hayafiki huko. Hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ukipanda Mlima Kenya hadi mita 3,300 huchemka kwenye 89 hivi. Ndiyo maana maharagwe huko juu hukataa kuiva. Hewa kavu ndani ya oveni haina kikomo hicho; ukiipa moto wa kutosha itafika nyuzi 180 hata mlimani. Kwa hiyo sufuria ya maji yenye bakuli la keki ndani yake inatoa keki ya mvuke, nyeupe na laini. Inalika vizuri, lakini haijaokwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kusikia watu wakisema kwamba oveni lazima iwe na mlango na kitufe. Anayepika mkate wa kumimina kule Pwani huweka makaa machache chini ya sufuria, kisha hupalia mengi juu ya mfuniko. Uso unavimba, unashika rangi, na haugeuzwi hata mara moja. Hiyo ni oveni kamili, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kusafiri nayo. Anayesema "hiyo ni sufuria tu" hajatazama makaa yamewekwa wapi.

Ukitafuta chungu cha kuokea kwa njia hiyo, utakuta vyungu viwili vya chuma cha kusubu vinavyouzwa kwa jina moja la Dutch oven. Cha kwanza ni cha jikoni: chini ni bapa, mfuniko umebinuka kama kuba, na mara nyingi kimepakwa rangi inayong'aa. Ukiweka makaa juu yake yanateleza na kumwagika, na ile rangi inaweza kupasuka kwa joto. Cha pili ni cha kambini: kina miguu mitatu mifupi ili makaa yakae chini yake, na mfuniko wake ni bapa, wenye ukingo ulioinuka pande zote kuzuia makaa yasianguke kwenye chakula unapoufunua. Pitisha kidole pembeni mwa mfuniko kabla hujalipa. Usipougusa ukingo huo, umeshika chungu cha mchuzi. Kile chungu cha Afrika Kusini chenye tumbo la mviringo nacho ni cha mchuzi. Mkate unataka kitako bapa.

Kwa chungu cha kambini, theluthi mbili za makaa zikae juu na theluthi moja chini. Vitabu vya kigeni huhesabu vipande, kwa sababu makaa yao yametengenezwa kiwandani na yanalingana. Yetu ya gunia kimoja ni ngumi na kingine ni kidole, kwa hiyo pima kwa jicho. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano zungusha chungu robo upande mmoja na mfuniko robo upande wa pili, maana makaa hayawaki sawasawa. Na usiyaingize hemani hata kukiwa na baridi ya Nyahururu. Moshi usioonekana wa makaa huua watu usingizini.

Uzito ndio bei yake: chungu cha inchi 12 kinakaribia kilo 9. Kwenye gari si tatizo. Asiyeweza kuubeba anunue kisanduku cha bati kinachokunjwa na kukaa juu ya kichomeo cha gesi. Hicho nacho ni oveni halali, kwani hewa ya moto hupanda ndani na kugeuka kwenye paa lake. Udhaifu wake ni upepo. Loiyangalani, eneo ambalo upepo wake huendesha mitambo 365 ya umeme, kisanduku chembamba kisichokingwa hupoteza joto upesi kuliko kichomeo kinavyolitoa. Kiweke nyuma ya gari au ujenge ukuta wa mawe, ukiacha nafasi ili mtungi wa gesi usipate moto.

Kile kisanduku cha kuchomeka kwenye gari hesabu zake ni fupi. Oveni ya nyumbani hutumia wati 2,000 hivi. Tundu la volti 12 lenye fyuzi ya ampea 10 hutoa wati 120. Kisanduku hicho kitapasha sambusa zilizokwisha kuiva mkiwa njiani kutoka Isiolo kwenda Marsabit, na kwa kazi hiyo ni kizuri sana. Kuku mbichi usimtie humo.

Kama tayari umenunua lile jiko la vichomeo viwili ukaambiwa ni oveni, usilirudishe. Mfuniko ule ni wa kukinga upepo, na chapati na chai litakupikia bila shida. Ongeza kisanduku cha bati juu ya kichomeo kimoja, au mpe fundi wa jua kali pale Kamukunji sufuria nzito akukatie mfuniko bapa na kuupinda ukingo wake kwenda juu. Mwambie upana wa vidole viwili, makaa yasiruke.